Mwongozo Kamili: Kujenga Nakala ya Ndege ya Kivita B.E.2c Jijini Nairobi kwa Heshima ya Wapagazi wa Vita

Nakala inayoelezwa hapa ni ya ukubwa kamili na ya kusimama ardhini tu. Haitapaa wala kuwashwa injini. Anayetaka ndege ya kuruka ana safari nyingine kabisa, ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, mbao zenye cheti na ukaguzi wa kila kiungo. Mwongozo huu ni wa chuo cha ufundi, shule, kanisa au jamaa kadhaa waliokubaliana kusimamisha kumbukumbu ambayo mtoto anaweza kuizunguka na kuigusa.

Ndege yenyewe ni B.E.2c, ya mbao, waya na kitambaa, yenye mabawa mawili yaliyopandana na viti viwili. Ilibuniwa katika kiwanda cha ndege cha serikali ya Uingereza kule Farnborough. Mapema 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kikosi nambari 26 cha Royal Flying Corps (tawi la anga la jeshi la Uingereza), kilichoundwa kwa wanajeshi wa Afrika Kusini, kilishuka Mombasa na kuweka kituo Mbuyuni, kati ya Voi na Taveta, ili kusaidia jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Smuts dhidi ya jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Lettow-Vorbeck. B.E.2c zilikuwa miongoni mwa ndege zake. Nimeipendelea hii kuliko ndege za chuma za miaka ya baadaye kwa sababu hakuna kitu ndani yake ambacho seremala wa Gikomba, fundi wa mabati wa Kamukunji na mshonaji wa Eastleigh hawawezi kukitengeneza wakipewa vipimo sahihi.

Kwanza, ni kumbukumbu ya nani?

Kabla ya kununua ubao hata mmoja, kaeni mkubaliane ndege hii inamkumbuka nani, kwa maana jibu litabadilisha mambo mengi mbele. Marubani wa kikosi kile wana majina yao katika vitabu na makaburini. Waliobeba mizigo ya vita ile hawana. Mnamo 1917 serikali ya kikoloni, chini ya usimamizi wa afisa wake John Ainsworth, ilikusanya wanaume kwa wingi kutoka vijijini, wengi kwa lazima, wakawe wapagazi, yaani wabeba mizigo wa jeshi. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi zaidi kwa kuhara damu, malaria na homa ya mapafu kuliko kwa risasi. Mtaa wa Kariokor umebeba jina la kikosi chao, Carrier Corps, na katika sanamu tatu za shaba zilizosimama Kenyatta Avenue tangu 1928 mmoja ni mpagazi. Mwaka 2021 tume ya Commonwealth inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuwahi kukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Msimamo wangu ni kwamba ndege ya Mbuyuni ikisimamishwa Nairobi bila mpagazi kando yake, kazi imeachwa nusu. Kila lita ya petroli ilipokwisha reli na barabara ilihitaji mgongo wa mtu. Kwa hiyo katika mpango wenu, tangu siku ya kwanza, tengeni nafasi ya vitu vya wapagazi: masanduku ya mbao yenye madebe mawili mawili ya petroli (debe lile lile tunalopimia mahindi), kamba za kubebea, na ubao wa majina ambao familia zitaendelea kuujaza. Bunduki iacheni. Kazi kubwa ya B.E.2c ilikuwa upelelezi na kupiga picha kutoka angani, na mfano wa bunduki katika jiji hili utawaletea maswali ya polisi bila faida yoyote. Wekeni kisanduku cha kamera ya mbao ubavuni mwa chumba cha rubani, nacho kitaeleza kazi ya ndege vizuri zaidi.

Vipimo na michoro

Shikeni namba hizi: upana kutoka ncha ya bawa hadi ncha mita 11.28, urefu mita 8.31, kimo karibu mita 3.4, eneo la mabawa yote mita za mraba 34.5. Ndege halisi ilikuwa na kilo kama 620 ikiwa tupu. Ya kwenu, isiyo na injini ya chuma, lengeni kilo 350 hadi 400.

Namba hizi hazitoshi kujengea. Mnahitaji michoro yenye mikato ya kila sehemu. Ndege halisi za aina hii zimehifadhiwa katika Imperial War Museum ya Uingereza, katika jumba la ndege la Ottawa nchini Kanada, na katika Musée de l'Air karibu na Paris. Waandikieni barua rasmi yenye jina la taasisi yenu, mkieleza ni nakala ya kusimama na ni ya kumbukumbu, mkiomba nakala za michoro na picha za karibu. Kule Montrose, Scotland, wapo waliojitolea wakajenga nakala ya ndugu yake wa mapema zaidi, B.E.2a. Waliopitia njia hii ni walimu wazuri wa mitego yake. Hapa Nairobi, pitieni Hifadhi ya Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue kwa habari za wapagazi na kampeni, kisha mwende uwanja wa ndege wa Wilson mkawaulize mafundi wa ndege ndogo. Mtu aliyewahi kuvisha bawa kitambaa atawafundisha kwa saa moja jambo ambalo maandishi yatalieleza kwa kurasa kumi.

Mkipata michoro, chukueni shiti za plaiwudi, zipangeni sakafuni, kisha mchore kiwiliwili chote kwa ukubwa wake halisi, kwa uzi wa chaki na kalamu. Msiiruke hatua hii. Kila kipande kitakatwa kwa kuwekwa juu ya mchoro huo, na mizozo ya "mimi nilipima hivi" itaishia hapo.

Mahali pa kazi

Tafuteni ukumbi wa mita 12 kwa 6 wenye sakafu iliyolala sawa. Mkikosa, jengeni bawa moja moja, lakini siku ya kuunganisha itahitaji uwanja wa mita 15 kwa 12. Ukumbi uwe na paa lisilovuja: mbao iliyorandwa vizuri ikinyeshewa mvua za Machi hadi Mei itajikunja na kazi ya wiki nyingi itaharibika.

Mbao na chuma

Mbao ya asili ilikuwa sprusi na ashi za ng'ambo. Hapa tumieni sipresi iliyokauka, yenye nyuzi zilizonyooka na isiyo na macho. Gikomba mtaipata, ila msinunue rundo zima kwa kuliangalia juu juu. Geuzeni ubao mmoja mmoja, mtazame nyuzi ubavuni, na mkatae wowote ambao nyuzi zake zinatoka nje kwa mshazari, maana utavunjika hapo hapo. Pangeni mbao zenu kivulini na vijiti kati yake kwa miezi miwili au mitatu kabla ya kuzikata, kisha mzipake dawa ya mchwa, hasa ncha.

Mbao ya urefu wa mita nane hamtaipata. Unganisheni mbili kwa kiungo cha mshazari, ambapo urefu wa mkato ni mara kumi hadi kumi na mbili ya unene wa ubao. Ubao wa milimita 30 utakuwa na mkato wa sentimita 30 hadi 36. Tumieni gundi ya epoksi na mbano usiokaza kupita kiasi, kwa sababu ukikamua gundi yote nje, kiungo hubaki kikavu na dhaifu.

Ndege ya asili haikuwa na uti wa chuma. Yenu iwe nao, umefichwa. Watoto watapanda, watu wazima wataegemea, na upepo utasukuma. Mwambieni fundi wa kuchomelea awatengenezee kizimba cha bomba za mraba za milimita 25, unene milimita 2, kuanzia pua hadi nyuma ya kiti cha rubani. Kizimba hiki kibebe miguu ya magurudumu, nguzo za kati zinazoshika bawa la juu, na masikio manne ya kufungia mabawa ya chini. Nyuma ya hapo kiwiliwili kiwe cha mbao tupu, kikiungana na kizimba kwa bolti nne. Bolti hizo ndizo zitakazowaruhusu kuitenganisha ndege siku ya kuihamisha.

Kiwiliwili

Sehemu ya nyuma ina mbao nne ndefu zinazokaribiana kuelekea mkiani, zikiwa zimetenganishwa na nguzo fupi za wima na za kulala. Kila chumba kati ya nguzo hukazwa kwa waya mbili zinazokatana. Jengeni ubavu mmoja juu ya mchoro wa sakafuni, kisha ubavu wa pili juu ya ule wa kwanza ili vifanane, ndipo mviinue na kuviunganisha. Kabla gundi haijakauka, pimeni mishazari ya kila chumba. Mishazari miwili ikilingana, chumba kimenyooka. Ikitofautiana hata milimita tano, kazeni waya wa mshazari ulio mrefu. Tofauti ndogo karibu na rubani hufika mkiani ikiwa imekua, na jicho la mpita njia litaiona hata kama hawezi kusema ni nini kilichokosewa.

Mtazamaji aliketi mbele na rubani nyuma. Wengi hudhani ni kinyume, basi hakikisheni fimbo ya kuongozea ndege iko kwenye kiti cha nyuma.

Mabawa

Kazi nyingi ya mradi huu iko hapa. Kuna mabawa manne ya pembeni, mawili kila upande, na kipande kifupi cha kati juu ya kiwiliwili. Kila bawa lina mihimili miwili ya mbao, wa mbele na wa nyuma, na mbavu zinazopita juu yake. Kwa ujumla mtahitaji mbavu zaidi ya 50.

Bawa la wakati ule ni jembamba, na tumbo lake limebonyea kwa ndani. Nakala nyingi hapa ndipo huharibika, kwa sababu fundi hukata ubavu wenye tumbo lililonyooka na ndege ikapoteza sura yake. Chukueni umbo la ubavu moja kwa moja kutoka kwenye mchoro, mkate kielelezo kimoja cha plaiwudi nene, kisha mkitumie kukatia zote. Mbavu ziwe za plaiwudi ya milimita 6, zikatwe matundu katikati kupunguza uzito, na juu na chini zigundishwe ukanda mwembamba wa sipresi wa kushikia kitambaa.

Mihimili ipitisheni ndani ya mbavu bila gundi kwanza. Wekeni bawa lote juu ya meza ndefu, pimeni mishazari, hakikisheni halijajikunja kwa kuchungulia kutoka nchani, ndipo mtie gundi. Palipo na nguzo za kuunganisha bawa la juu na la chini, fungeni mabamba ya chuma ya milimita 3 kwa bolti. Msichomelee karibu na mbao. Leteni mabamba yakiwa tayari.

Nguzo za kati ya mabawa ni nne kila upande. Zirandeni ziwe na umbo la tone, mviringo mbele na nyembamba nyuma. Seremala mwenye mkono mzuri atafurahia kazi hii, mpeni muda.

Injini, propela na magurudumu

Injini ya asili, RAF 1a (herufi za Royal Aircraft Factory, kile kiwanda cha Farnborough), ilikuwa na silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V, zikipozwa kwa hewa, nguvu yake farasi 90. Kipenyo cha ndani cha silinda kilikuwa milimita 100, kwa hiyo bomba la plastiki la inchi 4 la maji machafu linakaribia sana ukubwa unaotakiwa. Mapezi ya kupozea yapelekeni Kamukunji: visahani vya bati vyenye tundu katikati, vikatwe kwa mamia, vivishwe bombani kwa nafasi sawa. Hesabuni mapezi kwenye picha badala ya kukisia. Msisahau mdomo mkubwa wa kuingizia hewa juu ya injini, na mabomba mawili ya moshi yanayopanda hadi juu ya bawa. Mabomba hayo ndiyo huitambulisha B.E.2c kutoka mbali.

Propela ina mapanga manne na ilizunguka kwa nusu ya mwendo wa injini. Gundisheni tabaka za mbao za sentimita 2 zilizopishana kidogo kidogo kama ngazi, kisha mchonge ngazi hizo hadi zipotee. Ikishapakwa vanishi na kukauka, ikazeni isizunguke. Panga la propela linalozunguka huru huvuta mikono ya watoto.

Magurudumu yachukueni ya pikipiki yenye spoku, makubwa mtakayopata, myafunike kwa kitambaa pande zote mbili. Ndani ya matairi jazeni povu badala ya upepo.

Kitambaa

Mabawa ya asili yalivishwa kitani cha Ireland na kupakwa dawa ya kukikaza iliyoshika moto upesi sana. Tumieni kitambaa cha poliesta tupu kisichopakwa kitu. Pamba ya amerikani inapendeza machoni, lakini hulegea kila msimu wa mvua. Chukueni kipande cha mita moja, kigundisheni kwenye fremu ndogo, mkipige pasi, kwanza kwa moto mdogo halafu wa kati. Kikikaza kama ngoma, kimefaa. Kikibaki na mikunjo, kimechanganywa na pamba, kirudisheni dukani.

Kwenye bawa, gundisheni kitambaa pembeni mwote kwanza. Kisha, kabla ya pasi, kishoneni kwenye kila ubavu: sindano ndefu, uzi uliopakwa nta, kutoka juu hadi chini na kurudi, kila sentimita 10. Msiposhona, pasi itakivuta kitambaa cha chini kiachane na mbavu, na lile tumbo lililobonyea mlilolihangaikia litafutika. Funikeni mishono kwa utepe, ndipo mpige pasi.

Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na jua lake hula kitambaa haraka. Pakeni tabaka mbili za rangi ya fedha kwanza, zizuie mwanga, halafu rangi ya nje. Rangi ya kitani kisichotiwa rangi, yaani krimu ya manjano kidogo, ni chaguo salama. Duara za mabawani ni bluu nje, nyeupe, na nyekundu katikati. Kwenye usukani wa mkia mistari ni bluu, nyeupe na nyekundu, bluu ikiwa mbele. Namba ya ndege iandikeni tu mkiwa na picha inayoithibitisha.

Kuunganisha

Lazeni kiwiliwili sawa kwa pimamaji. Fungeni kipande cha kati cha bawa la juu, mkaze waya zake hadi mishazari ilingane, kwa sababu kila kitu kingine kitafuata kipande hicho. Bawa la juu limetangulia mbele ya la chini, msilipange wima. Kisha fungeni mabawa na nguzo upande mmoja, wengine wakishika, halafu upande wa pili. Waya za kusuka za milimita 3 zenye vikaza zitoshe. Kazeni kidogo kidogo, kushoto na kulia kwa zamu. Mwisho pimeni kutoka kila ncha ya bawa hadi nguzo ya mkia. Pande zote mbili zilingane.

Upepo

Naomba sehemu hii isomwe mara mbili. Mmejenga mabawa halisi ya mita za mraba 34.5, nayo hayajui kwamba ndege ni ya maonyesho. Ikisimama mkia chini, ikielekea upepo wa kilomita 54 kwa saa, mabawa yanaweza kuinua karibu kilo 400, yaani ndege nzima. Upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu hiyo huongezeka mara nne.

Kwa hiyo mwage vitalu vinne vya zege, kila kimoja sentimita 50 kwa 50 kwa 50, ambacho ni kama kilo 300, vyenye ndoano za chuma zilizozama ndani. Fungeni viwili kwenye kizimba cha chuma, na kimoja kimoja chini ya nguzo za mabawa. Mkia uinueni juu ya kigoda ili mabawa yalale zaidi. Na kama kuna njia yoyote ya kupata paa, ipateni. Ndege ya kitambaa nje bila paa, hata ikitunzwa vizuri, itataka kuvishwa upya baada ya miaka michache.

Vibali, usafiri na matunzo

Mahali pa wazi pa umma huhitaji ruhusa ya Serikali ya Kaunti. Karibu na majengo ya kihistoria, zungumzeni pia na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Safirisheni ndege ikiwa imetenganishwa, mabawa yakisimama wima kwenye lori juu ya magodoro, alfajiri ya Jumapili. Mzigo ukizidi upana wa kawaida wa gari, ombeni kibali cha barabara mapema.

Ubao wa maelezo uandikwe Kiswahili kwanza. Utaje Mbuyuni, 1916, kikosi nambari 26, na wapagazi kwa maneno yasiyozunguka: kwamba wengi walichukuliwa kwa lazima na hawakurudi. Chini yake uachwe uwazi mpana wa majina, na awepo mtu mmoja aliyepewa jukumu la kupokea familia zinazokuja na jina la babu yao, kuandika alikotoka na yaliyosimuliwa nyumbani, na kulichonga jina hilo ubaoni.

Kila baada ya mvua kubwa kagueni waya, vikaza na mishono. Kabla ya mvua za Oktoba pakeni upya kingo za mbele za mabawa na sehemu ya juu ya bawa la juu, ambazo huchoka kwanza. Toboeni vitundu vidogo nyuma ya kila bawa, upande wa chini, maji yaliyoingia yatoke. Mchwa wakaguliwe kila mwezi kwenye kigoda cha mkia, maana huko ndiko mbao iko karibu na udongo.